Ndama wa Mwisho wa Mwezi

Mitundu,
11 Juni 2023

Mwanangu Flora,

Marahaba. Najua shikamoo umeshaisema hata kabla ya kufungua bahasha, kwa hiyo mimi nimeitikia kabisa tusipotezeane muda. Hujambo? Wanafunzi wako hawajambo? Huku tunaendelea vizuri. Asali mwaka huu imekubali, tena ile nyeusi ya mwishoni mwa masika, na mzinga wa kule bondeni ambao nilidhani nyuki wamehama nimekuta umejaa hadi mlangoni. Sikio la kushoto limeziba kidogo, si jambo la kuzungumza. Ndiyo maana sitaki mambo ya simu. Mtandao wenyewe mpaka upande juu ya kichuguu, na nikifika huko juu nasikia mvumo tu.

Barua hii anakuletea Amosi, yule mwenye Fuso anayenunua asali yangu. Amebeba na ndoo yako moja pamoja na bahasha ya pili iliyoshonwa kwa uzi. Hiyo usiifungue mbele za watu. Nimeuza ng'ombe wawili kati ya wanne wangu.

Usishtuke. Nilinunua misumari dukani wakanifungia kwenye kipande cha gazeti, na kipande chenyewe kilikuwa kinaeleza uwekezaji kwa mtu anayeanza. Kimechanika pale pale panapoanza kunoga. Nimebaki nacho siku nyingi mfukoni, nikikitoa na kukisoma chini ya miti wakati nyuki wanatulia. Nilichoelewa ni kwamba fedha nayo inaweza kupelekwa machungani.

Wewe una kiwanja hapo Mwankoko. Siku nikishindwa kupanda kwenye mizinga nitakuja kukaa kwako, ila nije kwenye chumba changu, kilichotokana na ng'ombe wangu. Sitaki kuja kulala sebuleni nikikunjwa na mkeka kila asubuhi. Fedha hii kwa sasa haitoshi chumba, inatosha msingi na tofali kidogo. Wewe ni mwalimu. Kajifunze, uipeleke mahali ikue, halafu unifundishe na mimi.

Ni mimi shangazi yako,
Evodia


Mwankoko,
2 Julai 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naisema tena, maana ya kwanza uliiitikia kabla haijafika. Mimi sijambo, darasa la nne hawajambo isipokuwa hesabu za mafungu zinatutesa sote. Upepo wa Singida umeanza, umetuezulia bati mbili za jiko la shule. Asali imefika. Amosi alikataa hata maji, akasema ana safari, lakini alionja asali yangu mara tatu.

Ile bahasha niliifungua nimejifungia ndani, na nililia, Shangazi. Najua ng'ombe wale ulivyowapata.

Hapa mjini kuna bwana mmoja anaitwa Nathan, wa chama chetu cha akiba na mikopo, anafundisha Jumamosi walimu na wakulima wa vitunguu. Nimeanza kwenda. Anasema mtu anayeanza aweke kwanza fedha kidogo pembeni ya kuugulia na kufiwa, ili shida ikija asikimbilie kuuza alichowekeza. Hilo nimelifanya kwa fedha yangu, yako sijaigusa. Halafu kuna hisa, yaani unanunua sehemu ndogo ya kampuni, ikipata faida nawe unagawiwa, na hiyo inaitwa gawio. Na kuna vipande, watu wengi wanachanga kwenye mfuko mmoja, wenye ujuzi wanauwekeza huku na huku. Uzuri wa vipande ni kwamba unaweza kuuza vichache ukaacha vingine. Ng'ombe huwezi kumkata mguu ukalipe ada, halafu abaki anatembea.

Juzi jioni nilienda kusimama kiwanjani. Ziwa lilikuwa linaonekana kwa mbali, jeupe na la waridi pembeni, nadhani ni wale ndege heroe. Nikakichora chumba chako chini kwa kidole cha mguu. Mlango huku, kitanda huku. Dirisha nataka lielekee ziwani, uamke ulione kabla hujamwona mtu. Unaonaje, dirisha liwe ziwani?

Wako,
Flora


Mitundu,
20 Agosti 2023

Flora mwanangu,

Salamu zako nimezipokea na nimezitembeza kwa wote uliowataja na wengine uliowasahau. Huku vumbi. Miti imevua majani yote, mtu akitembea porini unamwona toka mbali mno, na mimi napenda hivyo siku hizi. Nyuki nimewaachia masega ya kutosha wasife njaa.

Barua yako nimeisoma hadi imechakaa mikunjo. Sasa nikuulize ambayo mwalimu wako Nathan huenda hajaulizwa. Unajua sisi ng'ombe hatuwaweki wote zizi moja. Baba yako Leonidas, marehemu kaka yangu, alikuwa na wake kwa watu wa Ikungi, wengine Mungaa, wengine kwa mzee Gaspari kule kwetu. Anayekutunzia anakunywa maziwa na mbolea inabaki shambani kwake, ndama ni wako. Ng'ombe akifa, mtunzaji anakuletea ngozi. Anaiweka mlangoni pako, mnakaa, mnaongea, basi. Na huwezi kumpa mtu ng'ombe kabla hujafika kwake asubuhi wakati wa kukamua, bila taarifa, uone anavyomfungua ndama.

Kwa hiyo hao wenye kampuni, je, wanaruhusu mtu kufika asubuhi? Nikija na ndoo ya asali kuwasalimu watanipokea? Na hizo hisa zina rangi gani, nikitaka kuziota nizioteje?

Nacheka mwenyewe lakini nauliza kweli. Juzi niliota ng'ombe wangu wawili wanaingia ziwani taratibu, maji yanawafika tumboni, hawazami. Yule wa kijivu alikuwa kama Kindai wa baba yako, aliyempa jina la ziwa kwa sababu ya rangi yake ya alfajiri. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unalala ukiegemea ubavu wake. Niliamka nikiwa na furaha nyingi na sikutaka kuinuka.

Shangazi yako


Mwankoko,
24 Septemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini joto halijakuzidi. Hapa tumepata choo kipya cha shule, na mimi nimepata homa kidogo ikaisha. Majirani wamepanda vitunguu hadi mpakani mwa kiwanja chetu, harufu yake asubuhi inaingia hadi kwenye shuka.

Nimemsomea Nathan maswali yako darasani. Watu walicheka, kisha mzee mmoja mkulima akasema, "Huyo mama anauliza la maana, mimi nimeweka hela miaka miwili sijui hata mlango wao ulipo." Nathan akatueleza kwamba mwenye hisa anaruhusiwa kwenda mkutano mkuu wa mwaka na kuuliza maswali. Kwa hiyo unaweza kufika, ila si asubuhi ya kukamua. Kuhusu asali amesema waletee, hajaona kanuni inayokataza.

Sasa nimeshafanya. Nusu ya fedha nimeweka kwenye vipande. Nusu nimenunua hisa za kampuni moja inayokamua alizeti, kupitia dalali wa soko la hisa. Niliichagua kwa sababu alizeti naijua, naiona inavyogeuza shingo shambani. Nathan aliniuliza, "Hiyo fedha ya hisa utaihitaji lini?" Nikamjibu haraka kwamba mwakani tunajenga. Akanirudia swali lile lile, kisha akageukia mwingine.

Umetaka rangi za kuota. Basi za alizeti ziote za njano, na vipande viote kijivu, kama Kindai. Nalikumbuka joto la ubavu wake kuliko ninavyoikumbuka sura ya baba, na hilo linanisikitisha.

Hujanijibu habari ya dirisha.

Flora


Mitundu,
12 Novemba 2023

Mwanangu,

Umesalimiwa na kila mwenye mdomo huku. Mawingu yamekaa upande wa Rungwa, hayajaamua. Nimeanza kusafisha shamba na kuna siku nilisimama katikati nikasahau kama nilikuwa naenda au narudi, kulikuwa na utulivu wa namna hiyo. Sikio ni lile lile, usiniulize.

Nyuki wameingia mzinga mpya bila hata mimi kuupaka nta. Siku hizi nikitaka kujua kama wamo naweka kiganja kwenye gogo. Mtetemo unapanda mkononi hadi kwenye bega, na naweza kukaa hivyo muda mrefu bila kuwaza chochote. Ungekuwepo ungesema shangazi amerogwa.

Sasa habari za machungani. Yule wa njano na yule wa kijivu hawajambo? Mmoja ameshazaa? Nauliza tu, siharakishi. Ila mtu akitoa ng'ombe wake hukaa akisikilizia.

Evodia


Mwankoko,
26 Novemba 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Shule inakaribia kufungwa, nasahihisha mitihani mpaka macho yanauma.

Ng'ombe hawajambo. Yule wa njano amezaa. Ndama wako yumo ndani ya bahasha, nimempa Amosi. Nunua sukari, nunua shuka nzito, usimbane sana huyo ndama, watakuja wengine.

Mvua ya kwanza imenyesha jana. Maji yalisimama kiwanjani pale nilipochora chumba, pakawa na chumba cha maji, mlango na kila kitu.

Flora


Mwankoko,
28 Desemba 2023

Shangazi,

Shikamoo na heri ya Krismasi iliyopita. Nilitegemea barua yako ije na Amosi, akasema barabara ya kwenu imekatika, alipita na pikipiki ya mtu na hakukaa. Ila bahasha ya Novemba amesema aliifikisha mkononi mwako. Hakusema ulisema nini.

Kanisani waliimba vizuri. Nilikaa nyuma karibu na mlango, upepo unaingia, na kwa muda niliona kama wewe umekaa pembeni yangu na kile kitenge chako cha bluu. Niligeuka.

Ndama mwingine huyu hapa. Vipande navyo vinaendelea vizuri. Ujenzi tutaanza tu, usiwe na wasiwasi.

Flora


Mwankoko,
30 Januari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Bado sijapata neno lako. Shule zimefunguliwa, nimepewa darasa la pili, wanalia wakitaka kwenda nyumbani na mimi natamani niwafuate. Natembea kwenda shuleni siku hizi, ni mazoezi mazuri.

Nimeweka tena ndama. Uniandikie hata mstari mmoja.

Flora


Mitundu,
17 Machi 2024

Flora,

Marahaba kwa zile zote tatu. Mahindi yamependeza, mtama nao, na vyura wamejaa hadi kwenye mitungi. Mimi ni mzima. Barabara ilikatika, ni kweli, lakini si muda wote. Nilinyamaza kwa makusudi, na iliniuma kunyamaza.

Nimeshika ng'ombe tangu sijaota meno ya mbele. Nimeona wazaao kiangazi, wazaao masika, wazaao mapacha na wasiozaa kabisa. Ila sijaona ng'ombe anayezaa kila mwisho wa mwezi, siku walimu wanapopata mshahara.

Ulipoleta wa kwanza nilifurahi, nikacheza peke yangu jikoni. Wa pili nilianza kutazama tarehe. Nikajiambia nisimwulize, nione kama ataleta wa tatu bila kuombwa. Ukaleta. Siku hiyo nilimkalisha Amosi kwenye kigoda na kumwambia hatoki hapa na asali yangu mpaka aniambie. Aliandika mchangani kwa kijiti. Kwanza aliandika, "Amekonda." Nikamwambia endelea. Akaandika, "Anatembea kwa miguu shuleni. Ameuza redio na meza."

Unamkumbuka mzee Gaspari niliyekutajia? Alikuwa na ng'ombe wa baba yako. Yule ng'ombe akafa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, na Gaspari kwa aibu hakuleta ngozi. Alichukua ng'ombe wake mwenyewe, wa rangi ile ile, akamweka mahali pa yule aliyekufa, na kila mwaka akaleta ndama kwa heshima zote. Watoto wake wakakua bila maziwa, maana ndama walikuja kwa baba yako, na chakula ikabidi wanunue kwa kuuza maziwa. Baba yako alipogundua sikuwahi kumwona na hasira ya namna ile, hata alipoibiwa hakuwa hivyo. Alikaa kwenye ua wa Gaspari akalia. Alimwambia, "Mimi nilikuletea ng'ombe uishi, wewe umenilisha wanao." Gaspari alifanya vile kwa wema wote, na ndiyo maana iliwauma wote wawili.

Sasa nakuuliza neno moja. Ng'ombe wangu wa njano amekonda, au amekufa? Kama amekufa, leta ngozi. Sitapiga kelele, tena hata nikipiga sitaisikia.

Shangazi yako


Mwankoko,
7 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mvua zinaendelea, mimi mzima wa mwili. Barua yako niliisomea nje ya geti la shule, nikashindwa kuingia darasani, nikamwomba mwenzangu anishikie kipindi.

Ngozi ni hii. Hisa za alizeti zilianza kushuka Oktoba, kabla hujauliza kama amezaa. Mafuta ya kutoka nje yaliingia kwa bei ya chini, kampuni ikapunguza kukamua, na bei ya hisa ikawa inashuka kila nikiulizia. Nilikuwa naulizia kila siku. Sasa zimebaki chini ya nusu ya nilichonunulia. Gawio halijatoka hata mara moja. Uliponiuliza kama amezaa, nilikuona umekaa umeweka kiganja kwenye mzinga unasubiri, na sikuweza kuandika kwamba hajazaa na anakonda. Mshahara ulikuwa umeingia siku ile ile. Niliona haya, Shangazi. Umeuza ng'ombe wa maisha yako, mimi mwalimu nikaenda kumfungia mahali pabaya.

Nimemweleza Nathan yote. Hakunicheka. Alisema, "Hukukosea kununua hisa. Ulikosea kuweka kwenye hisa fedha ambayo mwakani unaitaka ujengee. Hisa zinataka mtu asiye na haraka." Anasema kampuni ipo, mitambo ipo, na hasara inakuwa yangu kabisa siku nitakapouza. Kwa hiyo naweza kumjibu mwenye ng'ombe: amekonda sana, lakini hajafa. Vipande vyenyewe havikushuka, vimeongezeka kidogo. Nilikwambia kweli hapo, ingawa sasa huna sababu ya kuniamini.

Na mimi nina swali. Amosi aliniambia amekuandikia mchangani. Kwa nini aandike? Umeniandikia sikio la kushoto limeziba kidogo, kisha ukaniambia nisiulize. Husikii kabisa, sivyo? Tangu lini? Chumba hiki unakitaka au unanitajia tu ili niwe na kitu cha kujenga? Mara zote nimekuuliza dirisha liwe wapi na hujawahi kunijibu.

Nakupenda sana. Niadhibu unavyotaka ila usininyamazie tena.

Flora


Mitundu,
26 Mei 2024

Mwanangu Flora,

Marahaba, tena marahaba. Salamu zako nimezipokea zikiwa na machozi, nimezianika zimekauka. Mavuno ni mazuri. Alizeti za jirani zimeinamisha vichwa, na leo asubuhi umande ulikuwa mwingi nikatembea humo hadi magotini bila sababu, kwa raha tu.

Ngozi nimeipokea. Nimeiweka mlangoni na nimekaa nayo. Sasa sikia. Kwetu mtunzaji aliyeficha hupokonywa hata ng'ombe aliyebaki, na aliyeleta ngozi hupewa mwingine, maana huyo unajua kesho atakwambia ukweli. Kwa hiyo nakupa mwingine.

Wale ndama wako watatu wa mwisho wa mwezi sikuwala. Sikununua sukari wala shuka. Wa kwanza nilimweka kwa sababu ya furaha, wa pili na wa tatu kwa sababu ya mashaka. Nikaongezea ndoo zangu za asali, na Machi nilipomaliza kukuandikia nilienda mnadani nikanunua mtamba, jike ambaye hajazaa. Ni mdogo bado, mbavu zake unaziona, lakini ana macho ya kutulia. Ni wa kijivu. Nimemkata sikio kwa alama ya baba yako, na jirani mwenye zizi anakolala anajua kwamba ni wa Flora binti Leonidas, si wangu. Jina lake unalijua.

Yule wa njano mwache. Usimwuze kwa hofu na usimwongezee hata senti, na uache kwenda kumhesabu mbavu kila asubuhi, hawezi kunenepa unamkodolea macho. Mvua zikirudi vizuri tutamwona. Na vipande ulisema vinakatika, tofauti na ng'ombe asiyekatwa mguu. Basi kata vya kuanzia msingi wa chumba kimoja kidogo, visivyokatwa vibaki machungani, kuta na paa nitamalizia kwa asali ya mwaka huu. Nimekuwa nikidhani fedha inakua upesi kuliko ng'ombe kwa sababu haina kwato, kumbe nayo inasubiri mvua. Hilo nimejifunza, na mwalimu wangu ni wewe. Ila mwalimu, mshahara wako kula. Panda gari kwenda shuleni. Nikija nikukute na meza.

Nimesema nikija. Nikujibu sasa.

Sisikii, Flora. Lile la kushoto lilikufa kabla sijauza ng'ombe, la kulia likalifuata Krismasi, polepole, kama mtu anayetoka chumbani bila kufunga mlango. Hapa porini sikuogopa. Naona mtu toka mbali, nyuki nawajua kwa kiganja. Mjini ndiko nilikokuogopa. Pikipiki zinakuja kwa nyuma. Mtu anaingia ndani nami nimempa mgongo. Nilikuwa nakaa nawaza kwamba utarudi kutoka shuleni, utasimama mlangoni kwangu uniite, utaita tena, halafu utakuja unishike bega na mimi nitaruka kwa hofu, kila siku hivyo, mpaka siku moja utachoka kurudi mapema. Ndiyo maana sikukujibu habari ya dirisha. Ziwa ni zuri, lakini ziwa haliwezi kuniambia nani amekuja.

Sasa nimekaa na huyu Kindai wako miezi hii. Mwenye zizi ananiruhusu nimlete uani mchana. Jana nilikuwa napeta mtama, nikaona ameacha kutafuna, amegeuza kichwa kuelekea njiani, masikio mbele. Nikageuka. Alikuwa Amosi, bado yuko mbali kabisa. Leo amefanya tena, alikuwa jirani na mbuzi wake. Hakosei.

Amosi amekubali kutupakia mimi na Kindai kwenye Fuso baada ya mavuno ya asali, mimi mbele na yeye nyuma na ndoo. Mizinga nitawaachia watu waitunze, na asali yangu watanipa. Jenga zizi dogo kwanza, la miti tu, upande wa njia unayopita ukitoka shuleni. Halafu chumba. Na dirisha, mwanangu, dirisha lielekee zizini. Nitakuwa nimekaa hapo jioni, nikiona Kindai amegeuza kichwa nitajua umerudi, nitainuka nikufungulie kabla hujaniita.

Shangazi yako,
Evodia